Jinsi ya kuugeuza upepo wa Ziwa Victoria kuwa umeme wa nyumbani

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kando ya ziwa, iwe Igombe, Kayenze, Nansio, Ukara au Kome, mwenye sehemu iliyo wazi, fundi wa kuchomelea jirani, na hamu ya kupata taa, redio na chaji ya simu kutokana na upepo unaovuma kila alasiri. Tutajenga mtambo mdogo wa mapanga matatu, wenye kipenyo cha mita 1.8, unaochaji betri za volti 24. Kazi yenyewe haiishi kwa siku mbili na ina hatari zake, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujanunua hata nati moja.

Wengi wanaoulizia mambo haya huanza na jenereta: nitumie altaneta ya gari, mota ya mashine ya kufulia, au nitengeneze yangu? Swali hilo ni la tatu. La kwanza ni upepo wako una kasi gani. La pili ni mlingoti wako utafika juu kiasi gani. Ukikosea hayo mawili, hata jenereta bora kuliko zote itakaa huko juu ikizunguka bila kuchaji kitu.

Umeme unatokaje kwenye upepo

Upepo ni hewa inayotembea, na hewa ina uzito. Hapa kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1.05. Dar es Salaam hufika karibu kilo 1.2, kwa hiyo mwenzetu wa pwani hupata umeme kidogo zaidi kwa upepo wa kasi ileile. Uzito huo ukiwa mwendoni ndio tunaotaka kuupunguzia kasi na kuchukua nguvu yake.

Panga la mtambo halisukumwi tu na upepo. Limechongwa bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili. Hewa inayopita upande wa mviringo hukimbia zaidi, shinikizo lake hupungua, na panga huvutwa kuelekea huko. Mvuvi wa mashua ya tanga anajua jambo hili kwa mikono yake: tanga humpeleka mbio zaidi upepo ukimjia ubavuni kuliko ukimsukuma kutoka nyuma. Ndiyo maana ncha ya panga lililochongwa vizuri hukimbia mara 6 ya kasi ya upepo wenyewe. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unaipeleka ncha kwa mita 60 kwa sekunde, yaani kilomita 216 kwa saa. Kwa mwendo huo panga haliguswi wala halikaribiwi.

Mapanga huzungusha shafti, na shafti hubeba sumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea mbele ya waya uliosukwa, umeme husukumwa ndani ya waya huo. Volti utakazopata zinategemea ukali wa sumaku, idadi ya mizunguko ya waya, na kasi ambayo sumaku inapita nayo.

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili. Tafuta mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokufa. Shika kishafti chake kwa vidole viwili ukizungushe: kinateleza kirahisi. Sasa zikutanishe nyaya zake mbili, uzungushe tena. Kimekuwa kizito, kinakataa. Ziachanishe, kinalegea palepale. Ulichokisikia vidoleni ndicho moyo wa mtambo mzima. Umeme ukianza kutembea kwenye waya, waya nao unakuwa sumaku inayopingana na ile inayozunguka, na lazima kitu kiusukume upinzani huo. Kwenye mota ya redio ni vidole vyako, kwenye mlingoti ni upepo. Jenereta isiyo na mzigo, yaani kitu cha kutumia umeme wake, haizuii chochote, na mapanga yasiyozuiwa huongeza kasi mpaka kitu kivunjike. Likumbuke hili, maana nusu ya hatua zinazofuata zimetokana nalo.

Hatua ya 1: Pima upepo, na upime kwa miezi

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane, kwa sababu nguvu inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu. Hakuna kanuni nyingine katika kazi hii inayoamua mambo kama hii. Kwa mtambo wetu wa mita 1.8, mapanga yanafagia eneo la mita za mraba 2.5 hivi, na ukishatoa hasara za mapanga, jenereta na nyaya, robo ya nguvu ya upepo ndiyo inayofika kwenye betri. Usikate tamaa na hiyo robo. Mjerumani Albert Betz alithibitisha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hata mtambo usio na kasoro hauwezi kuchukua zaidi ya asilimia 59.3, kwa sababu hewa ikisimamishwa kabisa nyuma ya mapanga, inayofuata haitakuwa na pa kupita.

Kwa hesabu hiyo, upepo wa mita 3 kwa sekunde unakupa wati 9 tu. Mita 4 unakupa wati 21, mita 5 wati 42, mita 8 wati 170, na mita 10 wati 330. Angalia hapo katikati: kutoka mita 4 hadi 5 ni tofauti ambayo ngozi yako haiwezi kuitambua, lakini umeme umeongezeka maradufu. Kwa hiyo mtu akikuambia "hapa kwetu kuna upepo mwingi", hajakuambia kitu bado.

Nunua kipima upepo kidogo cha mkononi, au kile cha vikombe vitatu kinachofungwa juu ya mti, na uandike kasi asubuhi, saa nane mchana, jioni na usiku. Kama huna, ziwa lenyewe linapima. Mawimbi yakianza kuonyesha povu jeupe hapa na pale, upepo uko kati ya mita 3.4 na 5.4 kwa sekunde. Povu likiwa kila mahali, na huku nchi kavu vumbi na makaratasi vinanyanyuka, umefika kati ya mita 5.5 na 7.9. Kaa mwezi mzima bila kuona vumbi likinyanyuka mchana, basi weka fedha yako kwenye paneli za sola.

Upepo wa ziwa una ratiba, na ratiba hiyo ina sababu. Mchana jua hupasha mawe na ardhi haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa baridi ya ziwani inaingia kujaza nafasi. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa mapema, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa kawaida ukiwa dhaifu zaidi. Juu ya ratiba hiyo ya kila siku kuna ya mwaka. Kuanzia Juni hadi Septemba pepo za kusini mashariki huvuma kwa utulivu, na masika na vuli huleta dhoruba za ghafla. Ukipima Agosti peke yake utajidanganya, na ukipima Aprili peke yake utajidanganya kwa namna nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima upepo katika uwanja wa ndege wa Mwanza, na takwimu zao zinakusaidia kujua kama mwezi uliopima wewe ulikuwa wa kawaida. Kumbuka tu kwamba urefu wa kawaida wa vipimo vya hali ya hewa ni mita 10 kutoka ardhini. Ukipima ukiwa umesimama uani, namba zako zitakuwa chini.

Jambo moja la kutia moyo: upepo unaopanda na kushuka hutoa zaidi ya wastani wake. Saa moja ya mita 2 na saa moja ya mita 8 zina wastani wa mita 5, lakini nguvu yake ni zaidi ya mara mbili ya saa mbili za mita 5 zilizotulia. Alasiri zenye nguvu zinalipia asubuhi zilizolala.

Hatua ya 2: Mahali, na urefu wa mlingoti

Fedha ya kwanza iende kwenye mlingoti. Upepo wa chini husuguana na nyasi, migomba, kuta na mabati. Katika eneo la vichaka na nyumba chache, ukipanda kutoka mita 3 hadi mita 12, kasi huongezeka kwa karibu theluthi moja, na kwa kanuni ile ya mara tatu, nguvu huzidi mara mbili. Hakuna jenereta utakayonunua itakayokuongezea kiasi hicho kwa bei ya mabomba mawili ya chuma. Mapanga yawe juu angalau mita 10 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita 100 kuzunguka mlingoti. Ukiwa na mwembe mkubwa uani, hesabu na mwembe huo, tena ukikumbuka kwamba unaendelea kukua.

Mwanza ina tatizo lake ambalo vitabu vya nje havilizungumzii, nalo ni miamba. Jabali kubwa huvutia: unaona liko juu, limeganda, unadhani ukipachika mlingoti mfupi hapo kazi imekwisha. Lakini upepo ukigonga kingo za jabali hupasuka na kujisokota, na nyuma yake unavuma mara huku mara kule. Mapanga yanayopigwa na upepo wa namna hiyo hutikisika, beringi hufa mapema, na umeme haupatikani. Funga utepe mwepesi wa plastiki juu ya mti mrefu, usimame pembeni uuangalie alasiri nzima. Ukinyooka upande mmoja, hapo panafaa. Ukipindapinda na kurudi nyuma, sogea.

Usisogee majini bila kufikiria, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mlingoti wenye msingi wa zege ni kitu cha kudumu. Walio upande wa Igombe na vijiji vya karibu na uwanja wa ndege waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya kusimamisha kitu kirefu. Na pima kwa kamba: mlingoti ukianguka upande wowote, usifike kwenye nyumba, njia ya watu wala nyaya za TANESCO.

Hatua ya 3: Mapanga

Tumia mbao nyepesi, iliyonyooka na isiyo na vifundo. Paina iliyokauka vizuri inatosha. Mabomba ya plastiki ya maji machafu huchongeka haraka, lakini jua la huku huyafanya yakakamae na kupasuka, nami singesimama chini yake baada ya mwaka mmoja.

Chonga mapanga matatu yenye urefu wa sentimita 90 kutoka katikati ya shafti. Upana uwe karibu sentimita 14 sehemu ya ndani, sentimita 9 katikati, na sentimita 5 hadi 6 nchani. Panga lazima lipinde: karibu na shafti liinuke nyuzi 20 kutoka kwenye bapa la mzunguko, katikati nyuzi 8, nchani nyuzi 3 au 4. Sababu ni kwamba ncha inakimbia sana kuliko shina, kwa hiyo upepo unaikuta kwa pembe nyingine. Ukiliacha panga bila kulipinda, sehemu moja itafanya kazi na nyingine itapambana nayo.

Pima uzito wa kila panga kwa mizani ileile, na uhakikishe yote yanalala sawa juu ya kisu kikiwekwa umbali uleule kutoka kwenye shina. Baada ya kuyafunga, zungusha kwenye chumba kisicho na upepo na uone yanasimama wapi. Yakirudi kila mara mahali pamoja, upande wa chini ni mzito; ongeza kipande kidogo cha madini ya risasi upande wa pili. Paka rangi tabaka kadhaa, na ukingo wa mbele uufunike kwa faiba na rezini ileile wanayotumia mafundi wa boti, kwa sababu matone ya mvua kwa kilomita 200 kwa saa hula mbao.

Hatua ya 4: Jenereta

Hapa ndipo altaneta ya gari inapowaangusha watu. Imetengenezwa kuzungushwa na injini, nayo huanza kuchaji vizuri ikipita mizunguko elfu moja na zaidi kwa dakika. Mapanga yetu, kwenye upepo wa mita 5, yanazunguka karibu mara 320 kwa dakika. Zaidi ya hapo, altaneta hula umeme wa betri ili kutengeneza sumaku yake yenyewe, na upepo mdogo hauwezi hata kurudisha kilicholiwa. Unaweza kuweka mkanda na puli kuongeza kasi, lakini mkanda nao hula nguvu na kuteleza mvua ikinyesha.

Mitambo mikubwa ina tatizo hilohilo na hulitatua kwa fedha nyingi. Mapanga yake marefu huzunguka karibu mara 15 tu kwa dakika, na wengi huweka gia boksi inayopandisha mwendo hadi kama mizunguko 1,500, kasi ambayo jenereta ya ncha nne za sumaku hutoa umeme wa hezi 50 kama wa gridi yetu. Umeme hutoka ukiwa na volti 690 kwa kawaida, halafu transfoma huupandisha kabla haujaingia kwenye laini. Kule Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya namna hii ina uwezo wa megawati 310. Kwetu, mitambo mitatu ya Mwenga kule Mufindi ina uwezo wa megawati 2.4. Kuna wanaoiacha gia boksi kabisa, wakajenga jenereta pana yenye sumaku nyingi inayozalisha kwa mwendo wa taratibu. Njia hiyo ya pili ndiyo tunayoifuata.

Tafuta habu ya gurudumu la gari pamoja na beringi zake, ikaguliwe na fundi wa magari kwamba haina mchezo. Fundi wa kukereza akukatie diski mbili za chuma cha milimita 8 zitakazofungwa kwenye habu hiyo. Kila diski ibandikwe sumaku 12 za neodimiamu, zikipishana: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Diski zikitazamana, kaskazini ya hii itazame kusini ya ile. Sumaku hizi zina nguvu inayotisha. Usiwahi kuziacha mbili zirukiane mkononi mwako, na diski ya pili ishushwe polepole kwa bolti tatu ndefu, nati kwa nati, kamwe isishushwe kwa mikono. Mtu mwenye kifaa cha moyo asikae karibu.

Katikati ya diski hizo hukaa koili tisa, yaani mafungu ya waya uliosukwa, zilizopangwa duara, zimemwagiwa rezini zikawa sahani moja isiyozunguka. Sumaku 12 kwa koili 9 ni uwiano wa nne kwa tatu, na ndio unaotoa umeme wa fezi tatu. Koili ya kwanza, ya nne na ya saba zinaungwa mfululizo kuwa fezi moja. Ya pili, ya tano na ya nane fezi nyingine. Zilizobaki fezi ya tatu. Mwisho wa kila fezi hukutanishwa pamoja kwa muungano wa nyota, na vichwa vitatu vinatoka nje.

Koili moja iwe na mizunguko mingapi? Usinakili namba ya mtu mwingine, kwa sababu sumaku zake si zako. Suka koili ya majaribio yenye mizunguko 10, iweke kati ya diski kwenye nafasi ileile, kisha fundi wa kukereza azungushe diski kwenye mashine ya lezi kwa mizunguko 200 kwa dakika huku ukipima volti za AC (umeme unaogeuka mbele na nyuma) kwa mita. Tuchukue mizunguko 200 kwa sababu mapanga yetu huifikia kwenye upepo unaokaribia mita 3, na hapo ndipo tunataka kuchaji kuanze. Tuseme umepata volti 0.5. Betri za volti 24 pamoja na kinachopotea kwenye daiodi, yaani vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinahitaji kama volti 27 za DC (umeme wa njia moja, kama wa betri). Kwa muungano wa nyota, gawanya kwa 2.4: kila fezi itoe volti 11.25. Fezi ina koili tatu, kila moja itoe 3.75. Mizunguko 10 ilikupa 0.5, basi 75 itakupa 3.75. Nenda sasa kwa fundi wa kusuka mota ukamweleze:

"Fundi, shikamoo. Naomba unisukie koili tisa, mizunguko 75 kila moja, waya wa milimita 1.2, zote zielekee upande mmoja. Uniachie ncha ndefu."

"Marahaba. Za pampu hizi?"

"Hapana fundi, ni jenereta ya upepo. Ikizidi hata miwili kwenye koili moja fezi hazitalingana, naomba uhesabu mwenyewe."

Sisitiza hilo la upande mmoja. Koili moja iliyogeuzwa huondoa volti badala ya kuongeza. Kabla ya kumwaga rezini, pima fezi zote tatu, zikilingana, mwaga.

Hatua ya 5: Mkia unaoukwepa upepo mkali

Mkia unafanya kazi mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: kuuelekeza mtambo kwenye upepo. Ya pili ndiyo inayookoa mashine. Kichwa cha jenereta kisikae katikati kabisa ya bomba la mlingoti, kiwe pembeni kwa sentimita 10 hivi, na mkia ufungwe kwenye bawaba iliyoinama kiasi. Upepo wa kawaida unaacha mkia chini kwa uzito wake na mapanga yanatazama mbele. Upepo ukizidi, msukumo kwenye mapanga unashinda uzito huo, kichwa kinageuka ubavu, mkia unapanda, na mapanga yanapokea upepo kidogo. Ukipungua, uzito wa mkia unarudisha kila kitu. Mitambo mikubwa hugeuza mapanga yenyewe kwa mota au kwa mafuta yenye shinikizo, na mingi hujizima upepo ukifika mita 25 kwa sekunde.

Dhoruba za usiku za Ziwa Victoria huja ghafla, kama kila mvuvi wa dagaa anavyojua. Mkia wako ujaribiwe kabla ya vuli.

Hatua ya 6: Kusimamisha mlingoti

Bomba la mita 12 lenye bawaba chini, linaloweza kulazwa, ni bora kuliko mnara wa kupanda. Lishikiliwe na waya za chuma pande nne, katika ngazi mbili za urefu. Kwenye udongo, chimba na umwage zege. Kwenye mwamba, toboa kwa drili ya mawe, uingize bolti nene na kuijaza gundi ya mwamba. Jabali zima ni nanga nzuri kuliko zege lolote. Inua kwa wincha siku isiyo na upepo, asubuhi na mapema, watu wote wakiwa nje ya urefu wa mlingoti, na nyaya tatu za jenereta zikiwa zimeunganishwa pamoja chini ili mapanga yasizunguke.

Radi ni jambo zito hapa. Eneo la ziwa hili ni mojawapo ya yanayopigwa radi mara nyingi duniani. Mlingoti na waya zake zote viunganishwe na erthi. Kwenye miamba fimbo ya erthi haishuki, basi fukia mkanda mrefu wa shaba kuzunguka msingi, ukiutafutia udongo wenye unyevu kati ya mawe.

Hatua ya 7: Daiodi, mzigo wa ziada na betri

Vichwa vitatu vinaingia kwenye daraja la daiodi sita, vinatoka viwili vya DC. Kabla ya daraja weka swichi inayoweza kuunganisha nyaya tatu pamoja: hiyo ndiyo breki yako, ileile uliyoisikia kwenye vidole. Itumie upepo ukiwa mdogo. Ukisubiri dhoruba iwe imechachamaa, koili zinaweza kuungua.

Nimechagua volti 24 kwa sababu ya waya. Ukiwa na wati 170 kwa volti 13, ampea ni 13. Zikipita mita 40 za waya wa shaba wa milimita za mraba 6, kwenda na kurudi, karibu wati 39 zinaishia kuupasha waya joto. Kwa volti 26 hasara inashuka hadi wati 10. Shaba ni ghali. Volti mara mbili ni rahisi kuzipata kwenye koili.

Sasa kosa linalovunja mitambo mingi midogo: kutumia kontrola ya sola, yaani kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Betri ikijaa, kontrola ya sola huikata paneli, na paneli haijali. Ukiukata mtambo wa upepo umeuondolea mzigo, na sasa mapanga yanakimbia bila kuzuiwa. Nunua kontrola inayohamisha umeme kwenda kwenye mzigo wa ziada. Mzigo huo uweze kumeza umeme wote wa mtambo: kwa wati 350 kwenye volti 28, hita ya omu 2.2 hivi. Iweke ndani ya pipa dogo la maji ukapata ya kuoga.

Weka fyuzi karibu kabisa na betri. Betri mbili za asidi za volti 12 na ampea-saa 100, zikifungwa mfululizo, zinahifadhi karibu wati-saa 2,400, na kwa afya yake tumia nusu tu. Alasiri ya saa sita yenye upepo wa mita 5 inakupa wati-saa 250: taa tano za wati 7 kwa saa tano, na simu kadhaa. Paneli moja ya sola ya wati 100 siku ya jua kali hukupa zaidi ya hapo kwa bei ndogo, na nakuambia hivyo kwa sababu fedha ni zako. Mtambo unalipa pale upepo wako unapopita mita 5 mara kwa mara, na unalipa zaidi ukisaidiana na sola, kwa kuwa siku za mawingu na usiku wa upepo ndizo ambazo paneli haiwezi kuzihudumia. Paneli iwe na kontrola yake, mtambo na yake, zikutane kwenye betri.

Utunzaji

Baada ya wiki ya kwanza, kaza waya zote za mlingoti. Lazima zitakuwa zimelegea. Kila mwezi simama chini usikilize. Mlio wa kukwaruza ni beringi, mtikisiko unaokuja na kwenda ni mapanga yasiyolingana, na mngurumo uliobadilika ghafla mara nyingi ni daiodi moja iliyokufa. Ukisikia kimojawapo, funga breki. Kama ni mngurumo, subiri upepo utulie, fungua breki na upime fezi zote tatu kabla ya kuushusha mlingoti: zikilingana, huenda tatizo liko kwenye daiodi, na huna haja ya kulaza kitu.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, laza mlingoti. Osha mapanga yaondoke wadudu wa ziwani walioganda kwenye ukingo wa mbele, maana uchafu huo hupunguza mvuto wa panga. Angalia nyufa kwenye shina la kila panga kwa tochi. Weka grisi mpya kwenye beringi na bawaba ya mkia, kagua waya unaoshuka ndani ya bomba kama umejisokota, usokotue, halafu badilisha nati yoyote yenye kutu kwa nati ya kujifunga kabla ya kuinua tena.